Simu Uliyomkatia Rafiqul

Mtaa wa Sulimaniya,
Riyadh, Saudia.
6 Aprili 2015.

Mpendwa ndugu yangu Bonface,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mlio hapo Keroka. Hujambo? Risper hajambo? Kikohozi cha Noah kimetulia, au bado kinamwamsha? Na mguu wa Mama je, anaweza kufika kisimani bila fimbo? Mimi ni mzima. Kula nakula, kulala nalala, ila kuna upepo wa mchanga umevuma siku tatu hadi ndani ya friji nimekuta vumbi. Pasaka ya jana nimeiadhimisha jikoni peke yangu, nikiimba kwa sauti ya chini huku nikichambua mchele.

Basi nimeshakujulia hali kama adabu inavyotaka. Sasa kaa chini nikugombeze.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu na wewe haiwezekani. Nikitaja tu mabati, unaniambia mtandao ni mbaya, unakata. Barua hii huwezi kuikata. Anakuletea Maryann, yule msichana wa Nyamira aliyekuwa akifanya kazi ghorofa ya juu yetu. Mkataba wake umeisha, anasafiri Alhamisi. Nimemwagiza akupe mkononi na asinyanyuke kwenye kiti mpaka akuone umeifungua. Ukimpa chai atakaa hata zaidi, kwa hiyo fungua upesi.

Nimesikia yote. Risper ameniambia, na usianze kumkaripia, mimi ndiye niliyembana. Mvua ya mawe iling'oa paa tangu mwezi wa pili. Mnalala jikoni watu watano, mkikinga matone kwa sufuria, na wewe kila jioni unalitazama lile tundu kama mtu anayengoja lijizibe lenyewe. Mzee Elkanah na watu wa kanisa wakaja na mabati, misumari, na fundi wao juu. Ukasimama langoni, ukawashukuru kwa adabu, ukawaambia wayarudishe walikoyatoa, utaezeka mwenyewe ukijaliwa. Ukijaliwa na nani, Bonface? Wale waliosimama langoni kwako ulidhani wametumwa na nani?

Aki nilipoambiwa nilitaka kupanda ndege nije nikuchape. Na usiniambie wewe ni mwanamume mwenye mji wake. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni hadi ukaota meno.

Najua unachoogopa, na nitakifikia. Lakini kwanza nikueleze yaliyonikuta safari ya Jeddah wiki mbili zilizopita. Hujui lolote, na wewe mwenyewe umo ndani yake, tena kwa ubaya.

Shule zilifungwa, familia ninayoifanyia kazi ikaamua kwenda Jeddah kwa mama yake madam, yule bibi wa mtaa wa Hindawiya aliyekataa katakata kuhama nyumba yake ya zamani. Tulienda kwa magari mawili. La kwanza aliendesha baba, yaani bosi, ambaye ndiye kafili, mdhamini wangu kisheria, na mwenye karatasi zangu zote. La pili aliendesha Samuel, dereva wao, Mkenya mwenzetu. Mimi kiti changu ni popote mtoto mdogo anapolilia.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, na ucheke upesi umalize. Kule nyumbani sitazami saa. Kazi zangu nazipima kwa sala za madam. Adhuhuri yake, pamoja na sunna za kabla na za baada, na tasbihi, na dua ya kumwombea kila jamaa kwa jina lake, inanitosha kupiga pasi kanzu tatu na kuosha chupa za mtoto. Miaka miwili kipimo hicho hakijanidanganya hata siku moja. Basi tukafika kituo kimoja cha mafuta katikati ya jangwa, wao wakaelekea kusali. Mtoto alikuwa amejichafua hadi mgongoni. Nikamsafisha, madam akamchukua, mimi nikabaki chooni kufua nguo zake. Viatu vyangu nilikuwa nimeviacha garini, nikavaa kandambili za pale chooni. Nikajiambia, Selipher, wakati unao tele.

Nani angeniambia kuwa msafiri katika dini yao hupunguziwa sala? Rakaa nne zinakuwa mbili, sunna zinaachwa, tasbihi mtu anaimalizia njiani. Mimi natoka na nguo zangu nimezikamua vizuri, nimezikung'uta, natazama huku, natazama kule. Magari hayapo.

Baba alijua niko kwa Samuel. Samuel alikuwa amemsikia madam akiniita, akajua niko kwa baba, na kwamba baba ameghairi kupita Makka kwa ajili yangu. Na magari yale hayakuwa ya kukutana tena mpaka Jeddah, kwa kuwa baba anapitia Makka, na Samuel kwa Ukristo wake lazima azunguke njia ya nje. Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba umeenda na gari. Ikama, kitambulisho chetu wageni, iko mfukoni mwa baba. Na huku, ndugu yangu, mfanyakazi asipoonekana hakuna anayesema amepotea. Wanasema ametoroka. Kafili anakuandikisha serikalini kuwa umemkimbia, na halas. Mshahara umekwisha, polisi wakikupata ni seli, kutoka seli ni ndege, na alama za vidole vyako zimechukuliwa usirudi tena. Zipporah wangu amebakiza mwaka mmoja tu wa chuo cha uuguzi. Nikapiga hesabu ya saa: wakifika Jeddah jioni na mimi sipo, binti yangu amerudi shambani.

Wewe unafikiri nililia? Nilikasirika. Nikazirudisha kandambili mlangoni pa choo, maana si zangu na mimi siibi, nikaenda kusimama kando ya barabara miguu mitupu juu ya lami ya saa saba mchana. Nikawa naruka mguu huu, naruka mguu huu.

Aliyeniona ni msafishaji wa vile vyoo, Mbengali mmoja mwembamba anayeitwa Rafiqul. Akanivuta kivulini kwa maneno, maana kunigusa hangeweza, akaniletea kandambili zilezile. Nikakataa. Akaleta bakuli lake la chakula, wali na dengu, ndicho chakula chake cha mchana. Nikamwambia nimeshiba. Tumbo langu likanguruma palepale mbele yake! Akaliweka bakuli kando yangu akaenda kupiga deki. Sikuligusa. Nzi wakala kwa niaba yangu, na yeye akafanya kazi hadi jioni na njaa yake. Nikilikumbuka lile bakuli naona haya hadi leo.

Kisha akatoa simu yake, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akasema nimpe nambari. Nambari ya nani? Kichwani mwangu nimekariri nambari moja tu duniani, na ni yako. Nikakumbuka kuwa wewe unayo ya madam. Nilikuandikia kwenye karatasi, ukaibandika ndani ya mlango wa kabati, kwa ajili ya siku kama ile hasa! Nikafurahi, nikamtajia. Akapiga, ukakata. Akapiga tena, ukakata. Mara ya tatu ukashika, nikasikia sauti yako kabisa, ndugu yangu wa tumbo moja, ikinifokea: "Nyinyi matapeli mtakoma lini?" Ukakata kabla sijavuta pumzi. Mara ya nne ulikuwa umezima. Salio la watu likaisha.

Najua utasema ni wale wezi wa mwaka jana, waliokupigia wakidai nimelazwa na unitumie pesa. Sawa. Lakini Rafiqul aliponiuliza yule mtu mkali ni nani, nilimwambia tumekosea nambari. Nilikuonea aibu, Bonface. Nilishindwa kusema ni ndugu yangu.

Saa tisa hivi ikaingia familia ya Kisudani, wakaazi wa Jeddah wanaorudi kwao. Mume ni mwalimu, Ustadhi Muawia, na mkewe ni Ishraqa, na watoto wanne ndani ya kigari ambacho hata bila mimi kilikuwa kimejaa. Rafiqul akamweleza mama yule habari zangu zote kwa Kiarabu chake kibovu kuliko changu. Yule mama akaja kwangu moja kwa moja. Twende, akasema, tunakupeleka. Nikamjibu kwamba nashukuru sana, watu wangu wanakuja kunichukua sasa hivi.

Unajua alifanya nini? Hakubishana. Aliketi kando yangu. Akawaita watoto wote wanne wakaketi. Akamwambia mumewe azime gari. "Basi tutawangoja pamoja," akasema, "tuwajue hao watu wako."

Nimekutana na wakaidi, nimelelewa na Mama na nikakulea wewe, lakini ukaidi wa yule mwanamke sijauona. Tulikaa dakika kumi. Nusu saa. Jua limetusogelea hadi magotini. Mtoto wao wa mwisho analia, wa kwanza anauliza maji, mume anazunguka gari akipiga magurudumu mateke ya bure, na mwanamke ametulia anatazama barabara kana kwamba kweli kuna mtu anakuja! Kila nikimwambia waende, ananiambia hawana haraka. Saa nzima, Bonface. Mwishowe si kwamba nilikubali msaada. Nilishindwa. Nilinyanyuka kwa hasira nikaingia garini ili watoto wa watu wasiungue kwa ajili ya kiburi changu, na nikabamiza mlango.

Humo ndani nikaona heri niseme ukweli mapema wanishushe karibu. Nikawaambia mimi ni Mkristo. Nikajua hapo mafi, hakuna tena msaada, kwa sababu njia yao ya kawaida ni ya Makka, na mimi siruhusiwi kuipita. Ustadhi akasema basi tutazunguka. Hivyo tu. Akaendelea kula chungwa alilomenyewa. Zaidi ya saa moja ya njia, kwa ajili ya mtu aliyembamizia mlango.

Ishraqa akanitazama miguu, malengelenge yametuna. Akavua viatu vyake akanisukumia. Nikakataa. Akasema safari humvimbisha miguu, viatu vinamtesa, nimsaidie kuvivaa. Nimsaidie! Nikavaa, maana sasa ilikuwa ni mimi ninayemtendea wema.

Karibu na Taif polisi wakatusimamisha. Ikama zao zote zipo, yangu haipo. Kumpakia mfanyakazi asiye na karatasi ni kosa kubwa huku, na yule mwalimu mwenyewe ni mgeni kama mimi, naye anaweza kurudishwa kwao na familia yake yote. Angeweza kusema hanijui. Alishuka, akaeleza ukweli wote kuanzia zile nguo za mtoto. Askari akamfokea robo saa nzima mbele ya wanawe. Mimi nyuma namwomba Mungu na kumlaani Ustadhi kwa pamoja: si ungeniacha tu! Mwishowe askari akachungulia dirishani, akaona watoto wamelala mapajani mwangu, akatupa mkono twende. Ustadhi akarudi kwenye usukani akauliza kama chungwa limebaki.

Nyumba ya yule bibi niliijua kwa tanuri la mikate lililo mbele yake, ambako nilitumwa kila asubuhi Idi iliyopita. Tulifika sala ya isha imetoka sasa hivi. Juu, nikasikia kelele tangu ngazini. Baba ana simu mkononi na nakala ya ikama yangu mezani. Samuel amesimama pembeni amepauka. Na madam, Mungu ambariki, ameshika viatu vyangu vilivyobaki garini, anamwuliza mumewe ni nani hutoroka jangwani bila viatu.

Hapo ndipo mimi naingia. Nimevaa viatu.

Ee! Ungeuona uso wa baba. Akavinyooshea kidole, akauliza hivi vimetoka wapi, kwa hiyo ulikuwa na vingine umeficha, ulipanga na nani? Kiarabu chote nilichonacho kikanitoroka. Wema wenyewe ndio uliokuwa ukitaka kunitia kitanzi. Basi Ustadhi Muawia akaingia nyuma yangu, akatoa salamu taratibu, akaeleza. Akasema vile viatu ni vya mkewe.

Baba akaiweka simu mezani. Mtu mzima yule aliona haya hadi masikioni, akaagiza kahawa na tende. Nami nikajua Ustadhi atakataa, amechoka, watoto wako garini, na kwa yote aliyoyafanya ana haki ya kuondoka kichwa juu. Hakukataa. Aliketi, akapokea kikombe, akanywa, akajaziwa, akanywa, akala na tende, akasema tende hizi ni nzuri. Akamwachia baba nafasi ya kutoa kitu. Mimi nilisimama pale na sahani nikimtazama yule mtu anavyojua kupokea, nikajiona sijui lolote.

Nikashuka mbio nimshukuru mkewe na kumrudishia viatu. Nikamkuta nje ya tanuri anawanunulia watoto mkate. Barabara ile imejaa vipande vya chupa na maji machafu, naye amesimama kwenye foleni, abaya yake ameikunja kidogo isilowe. Miguu mitupu. Ile miguu haikuwa imevimba hata chembe.

Nikavua, nikamnyooshea. Akakataa, akasema madam wako amekwisha kuniona bila viatu kutoka dirishani pale juu, nikivivaa sasa utaonekana umenirudishia kwa kuogopa. Vikae. Akaingia garini na mikate yake. Sijui wanakaa mtaa gani. Jina la baba yake sijui. Nililia palepale, wauza mikate wakinitazama, nikalia machozi ya mchana ule na ya miaka mingi.

Sasa nimefika kwenye kile unachokiogopa. Ni masimango. Usibishe, mimi pia ndiyo ninayoyaogopa. Baba yetu alipofariki na Mama akatupeleka kwa mjomba Justus, kila tonge tulilokula pale lilikuwa na hotuba yake. Shati lako la shule lilitangazwa hadi sokoni. Nakumbuka siku ulipolivua ukamwekea mjomba mezani, ukaenda shule na sweta tupu kwenye baridi, ukiwa darasa la tatu. Niliona fahari siku ile, na nilikosea. Ningekuambia ulivae. Kumbe tangu siku hiyo hatujapokea kitu kwa mtu, na tumeita hiyo heshima.

Na usidhani sioni tofauti. Mimi walionisaidia ni watu nisiowaona tena, wewe ni watu utakaowasalimu kila Jumapili, na huenda mmoja wao siku moja akakusimanga kweli. Akikusimanga, mabati yatakuwa bado juu, na Noah atakuwa chini yake amelala pakavu. Jibu hilo kwanza ndipo uniletee kiburi.

Viatu vya Ishraqa ninampa Maryann amletee Risper. Vimeraruka kidogo pembeni, lakini soli ni nzima. Usijaribu kunirudishia maana si vyangu, na mwenyewe hutampata.

Nimeshaongea na mzee Elkanah. Watakuja Jumanne ya tarehe kumi na nne, asubuhi, na mabati yaleyale uliyoyafukuza. Wakija, chemsha chai, nawe upande juu ushike nyundo kama wengine. Jumatatu jioni atakupigia kukuhakikishia, na simu yake iliharibika, kwa hiyo atatumia ya mkwewe. Nambari hutaijua. Nakusihi kwa jina la Mama, Bonface, simu ikilia, shika.

Nisalimie Mama, mwambie Samuel anamsalimu na anajutia. Nisalimie Risper, Noah na wadogo zake, na jirani Eucabeth na mzee wake. Zipporah akija likizo mwambie asome, mama yake bado yupo kazini. Mungu awafunike, na paa liwasaidie.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikatia,
Selipher.